Jinsi ya kulinganisha vipaji vya watani wa jadi kwenye futiboli ya vyuo Marekani (bila kudanganywa na nyota)

Novemba 2021 nilimwambia shemeji yangu, mtu wa Michigan damudamu, kwamba siku ile asihangaike hata kuwasha TV manake Ohio State tulikuwa tumewazidi kwa usajili, ukijumlisha miaka minne hawakuwa saizi yetu kabisa, na nilikuwa nimeandika kwenye daftari nyota za kila mtu, zile alama wanazopewa vijana wakiwa haiskuli. Michigan wakashinda 42-27. Hassan Haskins, kijana aliyetoka haiskuli na nyota tatu tu, akafunga tachidauni tano (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) peke yake kwa kukimbia na mpira. Shemeji hakusema neno, alinitumia tu emoji za nyota tano kwenye WhatsApp, basi, akanyamaza mpaka Jumatatu.

Kosa halikuwa kwenye hesabu. Hesabu ilikuwa sawa, ila nilikuwa nimehesabu kitu kingine. Nilihesabu waliosaini, wakati wanaoingia uwanjani ni waliobaki, waliokomaa, na waliokaa kwenye nafasi ambazo mechi inaamuliwa. Tangu hapo nimebadilisha kabisa namna ninavyofanya, na ndo hiyo nataka nikuelekeze, chukua simu au fungua Excel kama unapenda mambo yaliyonyooka.

Kwanza elewa nyota ni nini

Wapo wanaotoa alama kwa vijana wa haiskuli, ESPN, 247Sports, Rivals, na kila mmoja ana maskauti wake na jicho lake. 247Sports wana ile alama yao ya mchanganyiko inayokusanya maoni ya wengine pia na kukupa namba moja isiyozidi 1.0000. Hiyo ndo naitumia, si kwamba ni takatifu, ila inapunguza upendeleo wa skauti mmoja aliyempenda kijana kwa sababu ya video mbili.

Sasa hizi nyota tano, pale 247Sports wanazitoa kwa vijana kama 32 hivi kila mwaka, na hiyo 32 haikutoka hewani, ni idadi ya nafasi za raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Yani nyota ni utabiri kwamba huyu dogo baadae atakuwa mali kwenye NFL. Haikuambii kwamba akiwa na miaka 18 atamzuia mwanaume wa miaka 22 ambaye amekula vyuma vya gym miaka minne. Watu wengi wanachanganya hapo.

Alafu acha kuhesabu nyota, hesabu namba. Nyota nne zinaanzia kwenye 0.8900 hivi na zinapanda mpaka karibu na 0.98, sasa kijana wa 0.8910 na wa 0.9750 wote wanaitwa nyota nne, na huyo wa kwanza ni karibu sana na yule wa 0.8880 anayeitwa nyota tatu. Ukisema "sisi tuna nyota nne kumi na wao wana saba" hujasema kitu bado.

Kitu kingine kidogo, wapiga teke waondoe kwenye hesabu. Hata yule bora nchi nzima hupewa alama za chini, kwahiyo timu iliyosajili mpiga teke mzuri inaonekana wastani wake umeshuka wakati imejisaidia.

Nafasi ya jumla inadanganya, angalia wastani

Hapa nikupe mfano wa hawa hawa watani. Usajili wa 2019, kwenye ule mchanganyiko wa 247Sports Michigan walikuwa wa 8 na Ohio State wa 14. Mtu wa Michigan akiona hivyo anapiga vigelegele. Lakini Ohio State mwaka ule walisajili vijana 17 tu, ilikuwa kipindi kocha Urban Meyer anaondoka na Ryan Day anaingia, na nafasi zenyewe zilikuwa chache, wakati Michigan walisajili zaidi ya 20. Ukigawanya kwa kichwa, wastani wa Ohio State ulikuwa juu. Fomula ya timu inampa yule kijana bora uzito mkubwa na wanaofuata uzito unaopungua pungua, lakini bado kila unayeongeza anaongeza pointi, hata kama ni wa benchi la benchi. Kwahiyo kundi kubwa lina faida.

Ila usiruke upande wa pili pia ukasema wastani ndo kila kitu! Kundi dogo lenye wastani mzuri likipoteza vijana wanne kwa majeraha na kuhama, miaka miwili baadae una pengo. Mi huwa naandika vitu viwili tu kwa kila mwaka: walisajili wangapi, na wastani ni ngapi. Nafasi yao kitaifa siiandiki, inanichanganya.

Na usichukue mwaka mmoja. Chukua minne. Kwa nini minne, kwa sababu timu unayoiona Novemba imetengenezwa na vijana wa makundi manne au matano tofauti, wengine wakikaa nje msimu wa kwanza wanaweza kuwa wa kundi la tano nyuma. NFL yenyewe haichukui mtu mpaka ipite miaka mitatu tangu atoke haiskuli, kwahiyo wale wakali kabisa unao kwa misimu mitatu, halafu kwaheri.

Hatua ambayo watu wanairuka: nani bado yupo

Hii ndo yenye utamu na ndo watu wanaona uvivu kuifanya.

Texas A&M mwaka 2022 walisajili kundi ambalo kwa alama za 247Sports lilikuwa bora kuliko kundi lolote tangu waanze kuweka rekodi. Lolote, hata yale ya Alabama ya kocha Nick Saban. Ungekuwa shabiki wa watani wao, Texas au LSU, ungelala kweli? Msimu huo huo wa 2022 wakamaliza 5-7, yani kushinda tano na kufungwa saba. Novemba 2023 kocha Jimbo Fisher akafukuzwa, na mkataba wake uliobaki ulikuwa unawadai zaidi ya dola milioni 75, na vijana wakaanza kusambaa kama kuku waliofunguliwa banda: Walter Nolen akaenda Ole Miss, Evan Stewart akaenda Oregon, LT Overton akaenda Alabama, baadae kwotabeki (yule anayetupa mpira) Conner Weigman naye akaenda Houston. Sasa mtu anayelinganisha vipaji vya 2024 kwa kutumia lile kundi anawahesabia A&M watu ambao wako kwenye jezi nyingine, wengine kwenye jezi za wapinzani wao wa ligi yao ya SEC kabisa.

Kwahiyo fanya hivi. Fungua orodha ya wachezaji ya sasa kwenye tovuti ya chuo, sio orodha ya usajili. Weka majina yote ya vijana wa miaka minne upande mmoja, alafu pita jina moja moja, yupo au hayupo. Asiyekuwepo mfute, usimuonee huruma. Kazi ya dakika arobaini kwa timu moja, na nakuhakikishia ukimaliza picha itakuwa imebadilika. 247Sports wenyewe wana hesabu inayofanana na hii tangu 2015, wanachukua waliopo kikosini na kuwapa alama zao za haiskuli, inasaidia sana kama huna muda, ila inakupa namba moja ya timu nzima na mi nataka kuona kwa nafasi, nitaeleza kwa nini.

Na wanaoingia je? Dirisha la uhamisho, ile potali iliyoanza Oktoba 2018, na 2021 vijana wakaruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje mwaka mzima, limegeuza kila kitu. Kijana aliyehamia usimpe alama yake ya haiskuli. Mpe thamani ya alichokifanya chuoni. Joe Burrow alipotoka Ohio State kwenda LSU 2018 hakuna aliyelia Columbus, mji wa Ohio State, mwaka uliofuata akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa bila kufungwa mechi hata moja. Fernando Mendoza haiskuli alikuwa karibu hana anayemtaka, alikuwa ameshatoa neno aende Yale kucheza, akaishia chuo cha California, alafu akahamia Indiana na kubeba Heisman ya 2025. Ungemuweka kwa alama za haiskuli ungeandika Indiana hawana kwotabeki.

Sheria yangu kwa hawa: ameanza mechi ngapi, kwenye ligi gani. Aliyeanza mechi 20 kwenye SEC au Big Ten namuweka juu ya kijana wa nyota tano ambaye hajagusa mpira wa chuo bado. Wengine watabisha, sawa.

Linganisha wanaokutana, sio wanaofanana

Hapa ndo nilipoumia 2021. Nilikuwa nimelinganisha risiva wetu (wakamataji wa mipira) na risiva wao, kwotabeki wetu na wao, ukabaji wetu na wao. Risiva wetu walikuwa balaa, Garrett Wilson na Chris Olave walienda namba 10 na 11 kwenye drafti iliyofuata (na Olave alikuwa nyota tatu, hebu fikiria). Lakini risiva wetu hawachezi dhidi ya risiva wao jamani! Wanaokutana ni watu wazito wa mbele, wale wanaoanza wameinama wameshika nyasi. Ukuta wetu wa mbele ulikuwa unakutana na Aidan Hutchinson, ambaye siku hiyo alimwangusha kwotabeki wetu C.J. Stroud mara tatu, na wakabaji wetu wa mbele walikuwa wanakutana na ukuta wa Michigan ambao mwaka huo ulipewa tuzo ya Joe Moore, ya ukuta bora nchini, na wakaichukua tena mwaka uliofuata. Michigan walikimbia yadi 297 siku ile. Kila dogo wa nyota tano tuliyemsajili kukamata mipira alikuwa pembeni anasubiri mpira ambao kwotabeki hana muda wa kuutupa.

Kwahiyo chora mistari ya kukatiza. Ukuta wako wa mbele dhidi ya wakabaji wao wa mbele. Risiva wako dhidi ya wale wao wa nyuma wanaowakaba. Alafu geuza. Utapata mistari minne mikubwa, na kwangu mimi miwili ya watu wazito naihesabu mara mbili, hasa kwenye mechi za Novemba za kaskazini kule ambako baridi na upepo vinafanya kutupa mpira kuwe shida. Kwotabeki namuweka peke yake kwa sababu ni mtu mmoja na anaweza kufuta hesabu yote.

Na kwenye watu wazito kuna suala la umri ambalo alama hazilioneshi. Risiva wa miaka 18 anaweza kuingia akawaka mwezi wa kwanza, kasi haisubiri. Mtu wa ukuta wa mbele anahitaji miaka miwili mitatu ya kujenga mwili na kujifunza mguu uende wapi. Kwahiyo ukiona mtani wako amesajili vijana watano wa nyota nne wa ukuta mwaka huu, usiogope mwaka huu. Ogopa baada ya misimu miwili, kama watakuwa bado wapo. Mi naweka safu ya umri pembeni ya jina, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa mwaka wa kwanza kwenye nafasi za watu wazito namhesabu nusu.

Kile kipimo cha nusu

Mwandishi anaitwa Bud Elliott ndo alikuja na hesabu moja rahisi sana: chukua makundi manne ya mwisho, uliza asilimia ngapi ya waliosajiliwa walikuwa nyota nne au tano. Ikizidi 50 una vifaa vya kubeba ubingwa wa taifa, ikiwa chini pole. Kuanzia 2011 mpaka 2024 kila bingwa alikuwa juu ya huo mstari, wengine kwa kubana, Clemson 2016 na Michigan 2023 walikuwa juu kidogo tu ya 50, Ohio State 2024 walikuwa karibu 90. Hesabu hii inafanyika kwenye tishu ya mgahawa.

Lakini angalia inachojibu. Inajibu nani ana uwezo wa kuwa bingwa, haijibu nani atashinda Jumamosi. Timu ya 55 na timu ya 90 zote zimevuka, na hapo hapo ya 55 inaweza kumfunga wa 90 miaka mitatu mfululizo, muulize shemeji. Na sasa Indiana ya kocha Curt Cignetti imekuja kuichafua kabisa, wamechukua ubingwa wa msimu wa 2025 wakiwa chini sana ya mstari, na njiani waliifunga Ohio State 13-10 kwenye fainali ya Big Ten. Walijaza kikosi watu wazima waliotoka vyuo vingine, wengine Cignetti alikuja nao kutoka chuo cha James Madison, ambao hawakuwahi kuwa na nyota za kutisha ila wamecheza mechi nyingi. Kwahiyo kipimo bado nakitumia kwa makundi ya haiskuli, ila sikiachi kisimame peke yake.

Pesa nayo iangalie ingawa ni ngumu kuipata kwa uhakika. Tangu Julai 2021 vijana wanalipwa kwa jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Idadi nayo imebadilika, zamani ilikuwa wachezaji 85 wenye ufadhili, sasa kikosi kinaishia 105. Maana yake kwako wewe unayelinganisha ni kwamba mtu namba 60 wa timu kubwa, aliyekuwa anasubiri benchi kwa uvumilivu, siku hizi hasubiri, anaitwa na mtani wako na anaondoka. Kina cha benchi kimepungua kila mahali. Zile namba za mtandaoni za fulani kalipwa kiasi fulani mi siziweki kwenye faili, nyingi zinatoka kwa watu wenye faida kwenye kuzitaja kubwa.

Lini ufanye

Mara tatu kwa mwaka inatosha. Desemba mwanzoni vijana wengi wa haiskuli wanapokuwa wamesaini, hapo unaingiza kundi jipya, na usiingize mtu aliyetoa neno la mdomo tu, neno la mdomo la dogo wa miaka 17 linabadilika akipanda ndege kutembelea chuo kingine. Mara ya pili ni dirisha likishafungwa Januari, hapo unafuta na kuongeza, hii ndo nzito. Mara ya tatu ni Agosti, unaangalia nani anaanza, nani amefanyiwa upasuaji, nani kimya kimya ametoweka.

Alafu wiki ya mechi yenyewe kuna kuangalia majeraha, dakika kumi tu. 2024 nilikuwa na faili zuri kuliko miaka yote, Ohio State walikuwa wamemleta Caleb Downs kutoka Alabama, Quinshon Judkins kutoka Ole Miss, Will Howard kutoka Kansas State, kila mstari unasema sisi. Ila ukuta wa mbele ulikuwa umempoteza Josh Simmons Oktoba na Seth McLaughlin Novemba, na upande wa pili katikati pale wamesimama Mason Graham na Kenneth Grant, wote wawili walienda raundi ya kwanza miezi michache baadae. Mstari mmoja tu kati ya minne ulikuwa mbaya kwetu, na tukakazana kukimbilia humo humo katikati mechi nzima. 13-10 Michigan, tena kwetu. Alafu timu ile ile ikaenda kuwafunga Tennessee, Oregon, Texas na Notre Dame ikabeba ubingwa, kwahiyo vipaji vilikuwepo, faili halikudanganya, ni mechi moja tu.

Shemeji juzi kaniomba nimtumie hilo faili aone tunasimama wapi msimu ujao. Nimemtumia la mwaka jana.